Fomu za vyuo vya Marekani: ujaze fani au uweke "sijaamua"?

FundiFomu

Wakuu, msimu umefika. Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, hufunguliwa upya kila tarehe 1 Agosti, na swali linalorudi kila mwaka ni lilelile: pale kwenye fani mtu ajaze, au aweke "sijaamua"? Wenyewe wanaiita meja, tusimchanganye na yule wa jeshini.

Kinachotuvuruga kinaanzia nyumbani. Kwa taratibu za udahili za TCU (Tanzania) na KUCCPS (Kenya) unaomba kozi yenyewe tangu mwanzo. Ukipangiwa Ualimu wa Sayansi ndiyo hiyo, na kuhama ni kupiga hodi ofisi baada ya ofisi. Basi kijana anaikuta fomu ya Marekani na kudhani kule nako ni hivyo. Mwingine kasikia kwamba "Marekani unachagua baadaye", akadhani vyuo vyote ni hivyo. Wote wawili wamekosea. Jibu linatofautiana chuo kwa chuo, na kinacholiamua ni swali moja: chuo hiki kinampokea nani?

Kuna vyuo vinavyokupokea wewe kama mtu. MIT wote huingia bila fani na huchagua mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Harvard na Yale unachagua ukiwa mwaka wa pili. Amherst na Grinnell, ambavyo ni vyuo vidogo vya shahada ya kwanza, wako hivyohivyo. Hapa unachojaza ni fununu tu ya unachopenda. Yale wanakuruhusu kutaja hadi maeneo matatu, kwa hiyo kuacha nafasi mbili wazi ni kujinyima.

Kuna vinavyokupokea kwenye kitivo. Penn ina vitivo vinne vya shahada ya kwanza: Sanaa na Sayansi, Wharton, Uhandisi na Uuguzi. Columbia unachagua kati ya Columbia College na uhandisi. Cornell unaomba kitivo kimoja tu, na wasomaji wa fomu ni wa kitivo hicho. Fani ndani ya kitivo unaweza kuibadili bila taabu, ila ukuta wa kitivo chenyewe ni mrefu.

Halafu kuna vinavyokupokea kwenye fani yenyewe, hasa vyuo vikuu vya majimbo na hasa sayansi ya kompyuta, uhandisi, uuguzi na biashara. Huko kuweka "sijaamua" ni uamuzi mzito kuliko kuchagua, kwa sababu mlango unaweza kufungwa nyuma yako.

Kwa hiyo usiulize "nijaze nini?" kabla hujajua uko kwenye kundi gani. Karibuni, na wenye kusahihisha wasahihishe.

Nyuki wa Sikonge

Mkuu, hapo umetaja vyuo vikubwa. Lakini ukiandika "sijaamua" si unaonekana huna dira? Walimu wengi shuleni wanawakataza watoto wasiandike hivyo.

FundiFomu

Walimu wanasema kwa nia njema, ila wanasoma fomu ya Marekani kwa macho ya TCU. Kwenye chuo kinachompokea mtu, "sijaamua" ni jibu la kawaida. Kinachomwangusha mwombaji ni "sijaamua" iliyo tupu, yaani hakuna popote kwenye fomu panapoonyesha anapenda kujifunza kitu gani. Mtu aliyeendesha klabu ya midahalo, akatengeneza pampu ya mkono ya kumwagilia na kuandika insha juu ya bei ya mahindi, akasema hajaamua kati ya uchumi na uhandisi, huyo anaeleweka. Ana mambo mawili ya kweli yanayomvuta.

Kisaga_na_Pishi

Niongeze mahali pa kuangalia kwenye fomu yenyewe, maana wengi hupotea hapa.

Kwenye Common App swali la fani haliko sehemu ya pamoja. Liko ndani ya maswali ya kila chuo. Unaruhusiwa vyuo hadi 20 na kila kimoja unaweza kukijazia fani tofauti, na chuo kimoja hakioni ulichowajazia wengine. Kwa hiyo kuweka uchumi huku na hisabati kule si udanganyifu.

Lakini sehemu ya pamoja, kwenye elimu, kuna kipengele cha mipango ya baadaye: kazi unayofikiria na shahada ya juu kabisa unayokusudia. Hiyo inakwenda kwa wote. Barua ya mwalimu nayo ni ileile kwa kila chuo unachompangia. Mtihani unaanzia hapo: mwombaji kaweka uhandisi, kipengele cha kazi kasema daktari, na mwalimu wa biolojia kaandika "ndoto yake tangu utoto ni kuwa daktari wa upasuaji". Msomaji wa fomu ana dakika chache tu. Atabaki kujiuliza ni nani kati yenu anayesema kweli.

Dawa yake ni ndogo: kabla mwalimu hajaandika, mpe karatasi moja yenye fani utakazoomba na sababu zake. Asipangiwe maneno, ajue tu unakoelekea.

Mlinzi wa Zamu

FundiFomu, California hujaigusa. Vyuo vya UC (University of California) havimo kwenye Common App, vina fomu yao. Unaijaza mara moja kwa kampasi zote tisa za shahada ya kwanza, na dirisha la kutuma linafunguliwa 1 Oktoba hadi mwisho wa Novemba. Unajibu maswali manne kati ya manane, kila jibu lisizidi maneno 350. Kila kampasi unachagua fani yake, na nyingine zinakupa nafasi ya fani mbadala.

Sasa angalia kampasi mbili za mfumo mmoja. UCLA, kitivo cha Fasihi na Sayansi (Letters and Science) hakiangalii fani uliyotaja wakati wa kumchuja mwombaji wa mwaka wa kwanza. Uhandisi palepale UCLA wanaangalia, tena sana. Berkeley ndiyo imebadilika: zamani uliingia kitivo cha Fasihi na Sayansi, ukapata alama zinazotakiwa, ukatangaza sayansi ya kompyuta. Kuanzia waliopokelewa 2023, fani zenye msongamano unaziomba tangu mlangoni. Mwaka huohuo ukazaliwa Chuo cha Kompyuta, Data na Jamii, na sayansi ya kompyuta na ya data zikawekwa humo. Ushauri wa kaka aliyesoma Berkeley 2018 ulikuwa sahihi kwa 2018. Leo unampoteza mtu.

Na neno la pembeni kwa wenye mifuko kama yangu: UC hawatoi msaada wa ada kwa mwanafunzi wa kigeni kwa kuangalia uhitaji. Usikeshe na fani mbadala ya chuo ambacho ada yake haina mlipaji.

BintiEGM

Naomba kuuliza kitu ambacho watu wanashauriana kimyakimya. Sayansi ya kompyuta ina waombaji wengi. Kwa nini nisiombe fani isiyo na foleni, kwa mfano lugha za kale au falsafa, halafu nikishaingia nihame?

FundiFomu

Dada, swali zuri, na jibu lake linategemea makundi yale matatu.

Chuo kinachompokea mtu: hila haina faida kubwa, kwa sababu hukushindana kwenye foleni ya fani tangu mwanzo. Tena lugha za kale bila hata kitabu kimoja ulichosoma, bila somo, bila shughuli, zinaonekana kama kiatu cha kuazima.

Chuo kinachopokea kwa fani: unaweza kweli kuingia kirahisi, halafu unakwama. University of Illinois, Urbana-Champaign, wanakuomba chaguo la kwanza na la pili, na wana idara ya waliokuwa hawajaamua. Ila kutoka huko kwenda sayansi ya kompyuta mlango umebanwa mno. University of Washington, Seattle, sayansi ya kompyuta unaiweka chaguo la kwanza kwenye fomu. Ukiingia bila hiyo, panga maisha yako kana kwamba hutaipata. Uhandisi mwingine pale Washington una kapu la "uhandisi, tawi baadaye" na wanakupangia tawi ukiwa chuoni, lakini sayansi ya kompyuta haimo kapuni.

Kisaga_na_Pishi

Illinois kuna njia ya katikati ambayo si hila: fani za mchanganyiko wa sayansi ya kompyuta na kitu kingine, kama uchumi, isimu au sayansi ya mazao. Mtoto wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) anayependa kweli uchumi na kuandika programu anaweza kuomba hiyo moja kwa moja. Sayansi ya mazao kwa mtu aliyekulia shambani Njombe si maigizo, ana la kuandika.

Purdue nao wako tofauti. Uhandisi wote unaanza na mwaka wa kwanza wa pamoja, ndipo unachagua tawi. Kwa hiyo pale hulazimiki kujua kama ni umeme au mitambo, ila lazima ujue kwamba ni uhandisi. Kuingia uhandisi kutoka kitivo kingine kuna masharti ya alama na masomo, na nafasi zikijaa, zimejaa.

Nyuki wa Sikonge

Sasa naelewa. Kumbe "sijaamua" ziko mbili: sijaamua chochote, na sijaamua tawi.

Mlinzi wa Zamu

Umemaliza. Na ya pili ina gharama ndogo sana kuliko ya kwanza.

DaktariMtarajiwaHapana

Nimechelewa ila kuna kosa moja linaua fomu za kwetu na halijatajwa. Watu wanatafuta "Medicine" na "Law" kwenye orodha ya fani. Hazipo.

Tanzania udaktari (MD) unaanza baada ya kidato cha sita, miaka mitano. Kenya unatoka KCSE kwenda udaktari, miaka sita. Marekani udaktari ni shule ya baada ya shahada ya kwanza. Unasoma miaka minne fani yoyote, unafanya mtihani wa MCAT, ndipo unaomba. Sheria nayo ni baada ya shahada. Wanachokiita pre-med ni orodha tu ya masomo: biolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni, fizikia, mara nyingi biokemia. Unaweza kusoma historia na bado ukayatimiza.

Mwombaji anayeandika "nataka kuja kusoma udaktari chuoni kwenu" anaonyesha hakufungua hata ukurasa mmoja wa chuo. Aandike biolojia, biokemia, afya ya jamii, chochote kinachofundishwa pale, na udaktari autaje kama safari ya mbele.

Jingine ambalo washauri wa njiani hawalisemi: shule nyingi za udaktari Marekani hazipokei wanafunzi wa kigeni, na baadhi ya zinazopokea zinataka uonyeshe fedha ya masomo mapema. Kama shabaha ni kuwa daktari na si Marekani, hesabu zako zianzie Muhimbili au Nairobi.

Programu chache zinazounganisha shahada ya kwanza na udaktari zipo, kama ile ya miaka minane ya Brown, na hizo lazima uziombe mwanzoni kabisa na kuandika insha za ziada. Uuguzi ni kinyume cha udaktari: ni shahada ya kwanza, nafasi za mafunzo hospitalini zinahesabika, kwa hiyo uombe tangu siku ya kwanza. Muziki wa jukwaani na usanifu wa majengo wa miaka mitano ni hivyohivyo, majaribio au jalada la kazi vinatakiwa pamoja na fomu.

Mchuuzi wa Hoja

Wote mnasema kuingia. Mimi niseme kutoka, yaani fedha na viza.

Shahada ya kawaida ni krediti 120 kwa semesta 8, yaani 15 kila semesta. Msaada wa ada mara nyingi unahesabiwa kwa semesta hizo 8. Sasa mtu kasoma historia miaka miwili, ana krediti 60, anahamia uhandisi na zinazokubalika huko ni 30. Zimebaki 90, nazo kwa 15 kila semesta ni semesta 6. Jumla 10. Hizo mbili za mwisho nani analipa? Na uhandisi haukuruhusu kukimbia, kwa sababu hesabu zake zimefungwa mnyororo: kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha milinganyo tofautishi (differential equations), na fizikia inafuata nyuma yake. Huwezi kuzisoma zote semesta moja hata ukiwa na akili ya mchwa.

Ndiyo maana asiyeamua, akishaingia, semesta ya kwanza achukue kalkulasi na kemia au fizikia hata kama moyo uko kwenye sosholojia. Kutoka kalkulasi kwenda sosholojia hakuna atakayekuzuia. Kurudi ndiko kwenye shida.

Ada pia: vyuo kadhaa vya majimbo, Illinois mmojawapo, hutoza uhandisi na baadhi ya fani nyingine zaidi ya fani za kawaida. Angalia jedwali la ada la fani yako. Wastani wa chuo utakudanganya.

Viza: fani inaandikwa kwenye fomu ya I-20, ile ambayo chuo hukupa ya kuombea viza. Ofisa ubalozini akikuuliza unakwenda kusoma nini, jibu lako lifanane na I-20. Kama imeandikwa masomo ya jumla, sema hivyo na ueleze kwamba chuo hicho kinachagua fani mwaka wa pili. Kubadili fani baadaye ni halali, ofisi ya wanafunzi wa kigeni inairekebisha I-20. Kama kubadili kunarefusha masomo, ombi la kuongezewa muda liingie kabla ya tarehe ya mwisho iliyo kwenye I-20. Ikishapita hata siku moja, ni kesi nyingine.

Na baada ya kumaliza: ruhusa ya kufanya kazi ya mafunzo ni miezi 12. Fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati zinaongezewa 24, jumla 36. Kinachohesabika ni namba ya fani kwenye I-20. Jina la kwenye cheti halina uzito hapo. Uchumi wa jumla una namba 45.0601, haimo kwenye orodha ya fani hizo za nyongeza. Uchumi wa kihesabu una 45.0603, imo. Idara mbili za uchumi zinazofundisha karibu vitu vilevile zinaweza kutofautiana kwa miaka miwili ya kazi. Iulize ofisi namba ipi wanatumia.

BintiEGM

Hiyo ya 45.0603 peke yake imelipa bando langu.

Kericho Kwetu

Na sisi wa KCSE je? Tena kuna wenzetu wa Bongo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) wanaotaka uhandisi. Fani isiyofanana na masomo ya shule inakubalika?

Kisaga_na_Pishi

Wa KCSE ana nafuu, amefanya hisabati na sayansi hadi mwisho na masomo yake ni mapana. Taabu yake ni kwamba kalkulasi ya KCSE ni fupi. Wa tahasusi, yaani mchepuo wa masomo matatu wa kidato cha tano na sita Tanzania, ana taabu nyingine: Mmarekani akiona masomo matatu tu ya kidato cha sita anadhani mtoto ameyakwepa mengine. Mshauri wa shule aeleze kwenye ripoti yake kwamba tahasusi ndivyo ilivyo, na kwamba PCB husoma hisabati ya msingi, BAM, na si ile ya juu ya PCM (fizikia, kemia na hisabati).

Uhandisi wa Cornell wanataka kalkulasi, fizikia na kemia. PCM hana wasiwasi. PCB ana fizikia na kemia, na BAM ina kalkulasi kidogo (differentiation na integration), ila asitegemee msomaji wa fomu ajue hilo. Aandike mada zenyewe kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, mistari mitatu minne bila kujitetea. Alama nzuri ya hesabu kwenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, hapo ndipo inapomsaidia zaidi.

HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) anayetaka sayansi ya kompyuta kwenye chuo kinachopokea kwa fani, nitamwambia ukweli: atafute chuo kinachompokea mtu.

Nyuki wa Sikonge

Na ile insha ya "kwa nini fani hii"? Wengi wanaanza "tangu nikiwa mdogo".

DaktariMtarajiwaHapana

Wakikupa maneno 200, "tangu nikiwa mdogo" inakula 30 bila kusema kitu. Anza na kitu kimoja ulichokifanya na swali kilichokuachia. Mfano: ulipima maji ya visima vitatu, kimoja kikawa na chumvi kuliko vingine ingawa kiko mbali na bahari. Kwa nini? Kisha taja somo au maabara ya chuo hicho inayogusa swali hilo. Somo lenyewe ulifungue kwenye katalogi ya mwaka huu. Ukimtaja profesa, hakikisha bado yupo na anafundisha shahada ya kwanza. Kuna insha zinamsifu mtu aliyestaafu.

Orodha ya shughuli ina nafasi 10, na maelezo ya kila moja ni herufi 150. Zinazoshabihiana na fani ziweke juu. Huhitaji kuzigeuza zote ziwe za fani, kwaya ibaki kwaya.

Kericho Kwetu

La mwisho kutoka kwangu. Mtu ameshatuma, wiki mbili baadaye anaona amekosea fani. Amekwisha?

FundiFomu

Hajaisha, ila awahi. Chuo ulichokwisha kukitumia kwenye Common App huwezi kukifungulia na kuhariri. Ingia kwenye akaunti ya mwombaji ambayo chuo chenyewe kimekufungulia, vingine vina kitufe cha kubadili fani. Kama hakipo, andika barua pepe kwa ofisi ya udahili ukitumia anwani ileile uliyoombea: jina kama lilivyo kwenye fomu, namba ya mwombaji, fani ya zamani, fani mpya, basi. Sababu sentensi moja. UC nako unawasiliana na kampasi husika, na kampasi moja ikikubali haina maana nyingine zimekubali.

Kubadili fani ndani ya kitivo kilekile kabla hawajaanza kusoma mara nyingi hakuna neno. Kubadili kitivo ni shughuli nyingine, kwa sababu insha ya nyongeza uliyotuma ilikuwa ya kitivo cha kwanza. Waulize wazi kama unaruhusiwa kutuma insha mpya. Ikiwa ulituma kwa njia ya mapema yenye kukufunga, ile ya 1 Novemba, usisubiri hata kesho.

Kericho Kwetu

Shukran. Naandika barua pepe sasa hivi.